Nyongeza

Ijumaa tulikula mlenda
kwa bei ya kuku wa kienyeji.
Mgahawa mpya, Area D, viti vya chuma,
feni inazungusha vumbi lile lile
lililotufuata kutoka ofisini.
Mlenda huu naujua tangu sijaota meno.
Kwetu Bahi hauna bei, una jirani.

Mhudumu akaleta mashine mikononi
kama mtu anayeleta mtoto asalimie wageni.
Kadi ikaingia. Nikangoja risiti.
Likatoka swali:

*Ungependa kuongeza bakshishi?*
Asilimia tano. Kumi. Kumi na tano.
Vitufe vitatu vya kijani, vinono kama mikate,
na chini kabisa, kwa herufi za sisimizi,
*Hapana, asante.*

Mwenyewe akageuza uso,
akawa anasoma kalenda ya mwaka jana ukutani
kwa makini ya mtu anayesoma wosia.
Kifuani ameandikwa Sechelela.
Jina la kufurahi, na miguu imevimba viatuni.

Nyuma yangu Nsajigwa wa Uhasibu
akakohoa kikohozi kisicho na kifua.
Nyuma yake bosi, nyuma ya bosi
watu wawili wa semina, vitambulisho bado shingoni.
Wote walikuwa wanatazama simu zao.
Wote walikuwa wanatazama kidole changu.

Mimi ni mtu wa masijala.
Mwaka wa kumi na moja huu nafungua majalada,
naijua fomu inayouliza
na naijua fomu iliyokwisha kujibu.

Elfu ishirini na nne, mara kumi na tano, gawa kwa mia:
elfu tatu na mia sita.
Sijawahi kupiga hesabu haraka hivyo,
hata kwenye mtihani wa darasa la saba.
Bodaboda ya kurudi nyumbani, mkate,
na chenji ya kumpa mtoto wa dada.
Kidole kikashuka kwenye *hapana*,
kikasikia kikohozi cha pili,
kikapanda.

Tit, ikasema mashine.
*Asante kwa ukarimu wako.*

Ukarimu.
Bibi yangu neno hilo alilitumia kwa maji,
yale ambayo mpita njia hupewa
kabla hajaulizwa jina.

Nikamuuliza Sechelela, kwa sauti ya chini,
hii unaipata wewe?
Akanitazama kwa mara ya kwanza.
"Inaingia kwenye mfumo, dada."
Na mfumo unakupa?
Akaikunja risiti, akaikunja tena.
"Mwezi uliopita zilivunjika glasi."

Nikaenda Majengo kwa miguu, sababu mnaijua.

Sokoni fungu la nyanya, elfu moja.
Nikasema mia nane.
Akasema ana watoto shule.
Nikasema nyanya zenyewe zimepigwa jua.
Akasema jua la Dodoma halichagui, hata wewe limekupiga.
Tukacheka, lakini bei sikuiachia.
Nikageuka kuondoka, ile geuka
ambayo kila mtu wa soko anaijua ni ya uongo,
akaniita. Haya, mia nane.
Hakuna aliyekohoa nyuma yangu.
Mimi niliyekuwa bubu mbele ya kioo
pale ulimi wangu ulikuwa na mifupa yote.

Mia mbili nikazitia mfukoni.
Na yeye, mfuko akiwa ameshaufunga,
akaufungua, akatupia nyanya moja juu.
"Nyongeza," akasema,
tayari amemgeukia mteja mwingine,
hakunitazama nimeipokea vipi.

Ilikuwa imeiva mno, haikuweza kungoja kesho.
Nimeila usiku huu, nimesimama,
maji yake yananichirizika hadi kiwikoni,
na ile risiti iko mezani,
bado inanishukuru.